Unene wa Nyuzi na Mkono wa Mpigaji

Katika kwaya zetu kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi: kwamba mpiga besi wa kweli hutumia nyuzi nene, na kwamba nyembamba ni za watoto. Nimepiga gitaa la besi parokiani kwa miaka mingi, na neno hilo sikulikubali kamwe, kwa maana nimeona jinsi linavyowakatisha tamaa wenye vipaji. Napenda tulipime kwa utulivu.

Kwanza tuelewe tunachokinunua. Kwenye pakiti ya nyuzi huandikwa tarakimu nne, kwa mfano 45, 65, 85 na 105. Hizo ni sehemu za elfu za inchi. Uzi wa sol, ulio mwembamba kuliko yote, una unene wa milimita 1.14, uzi wa mi, ulio mnene kuliko yote, una milimita 2.67. Seti nyepesi huanza na 40 na kuishia 95 au 100. Nzito huanza na 50 na kuishia 105 au 110.

Kwa nini uzi wa mi uwe mnene hivyo? Uzi huo hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, ilhali ule wa sol hutetemeka mara 98. Nao wote una urefu mmoja, ambao katika magitaa mengi ya besi ni inchi 34, yaani sentimita 86. Ili sauti ishuke bila uzi kulegea, hauna budi kuongezewa uzito. Kwa hiyo, kimo cha sauti kikibaki kile kile, uzi mnene zaidi hukazwa zaidi: kutoka 100 hadi 105, mkazo hupanda kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Kanuni hiyo huonekana katika maisha ya kwaya. Waimbaji wanaposhindwa kufikia sauti za juu, magitaa hushushwa. Yakishushwa nusu toni, mkazo hupungua kwa asilimia 11 hivi. Yakishushwa toni nzima, hupungua kwa karibu asilimia 21. Hapo uzi wa mi hupwaya, hugonga vyuma vya shingo, na kila noti huanza bila kusikika vizuri. Kikundi cha namna hiyo kinahitaji seti nzito. Vivyo hivyo, kwenye gitaa fupi la inchi 30, seti ile ile hukaza pungufu kwa zaidi ya asilimia 20.

Basi unene una kazi yake, wala haukuwekwa kupima ushujaa. Katika kwaya yetu alikuwako binti mwenye vidole vifupi na masikio makini. Gitaa letu lilikuwa na seti nzito, ingawa hatukuwa tukishusha sauti. Baada ya nyimbo tatu mkono wake wa kushoto ulimuuma, naye alikwisha kuniambia kwamba angerudi kwenye safu ya waimbaji. Wakubwa walisema avumilie. Wakati wa kubadilisha nyuzi zilizochakaa ulipofika, niliomba tununue seti ya 40 hadi 95. Palikuwa na ubishi, kwani nyuzi za besi ni ghali na fedha zilitoka katika michango ya wote. Tukanunua. Sauti ilipungua uzito, sikatai; ilitubidi kuongeza kidogo sauti za chini kwenye kikuza sauti, naye akajifunza kuzigusa nyuzi kwa upole. Lakini alipiga misa nzima bila kukunja uso, na hadi leo anapiga.

Watetezi wa nyuzi nene humtaja James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, mjini Detroit, katika miaka ya 1960. Ni kweli kwamba alitumia nyuzi nene zenye uso laini, na alizibadilisha kwa nadra. Lakini Jamerson alianza na kontrabasi, ala kubwa inayodai nguvu nyingi za vidole. Anayeiga nyuzi zake bila kupitia njia yake ameiga nusu tu.

Kabla ya kununua, ulizeni mambo matatu: gitaa lina urefu gani, kwaya huimba katika kimo gani, na ni nani atakayepiga. Kumbukeni pia kwamba nyuzi nne huvuta shingo kwa nguvu inayopita kilo 60. Mkibadilisha unene, chunguzeni baada ya siku chache kama shingo imepinda, na fundi arekebishe chuma kilicho ndani yake. Uzi mnene usilazimishwe kuingia katika mfereji mwembamba wa kichwani. Mfereji utanuliwe kwanza. Mkiipata seti inayofaa, andikeni tarakimu zake katika karatasi na kuitia ndani ya mfuko wa gitaa, ili atakayetumwa dukani mwaka ujao asitegemee kubahatisha, wala majivuno ya mtu yeyote.