Asilimia 10 Iliyokuwa 17

Karatasi ya mkopo wangu iliandikwa "riba asilimia 10 kwa mwezi". Niliisoma mwenyewe, nikaielewa, nikatia saini. Asilimia nilijifunza shule ya msingi na hapo siyumbi: kumi ya milioni moja ni laki moja, kwa miezi sita ni laki sita, kwa hiyo narudisha milioni moja na laki sita. Kwenye kujumlisha hakuna aliyenidanganya hata senti. Kwamba riba ile haikuwa kumi nilikuja kulijua baadaye sana, kwenye mada ya Hesabu ya Kidato cha Tatu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Baba watoto alikuwa dereva wa bodaboda, pikipiki ya mkataba, imebaki miezi michache iwe yake. Akagongwa na gari, mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakasema lazima awekewe vyuma. Bima hatukuwa nayo. Mwenye pikipiki alikuja kumjulia hali mara moja, mara ya pili akaja kuchukua pikipiki. Nyumba nzima ikabaki inakula kwenye sindano yangu, na ushonaji una misimu yake: Januari sare za shule, kisha Idi, kisha Krismasi. Katikati hapo ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Ndiyo maana nilikwenda kukopa. Mikopo ile mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo nililijua kabla sijaingia ofisini kwao. Lakini mgonjwa alikuwa kitandani na wenye haraka ya kutoa hela walikuwa wao. Kwenye ile milioni walikata elfu hamsini palepale, ada ya fomu na bima ya mkopo, nikakabidhiwa laki tisa na nusu. Rejesho la kila mwezi: 266,700. Dhamana: cherehani mbili, ovaloki na televisheni.

Rejesho la kwanza na la pili nililipa. La tatu likanishinda. Afisa mikopo alifika na vijana wawili, wakakaa kwenye benchi la wateja wangu tangu asubuhi, wakiziangalia cherehani zangu kama wanaoangalia mbuzi mnadani. Siku hiyo nikakopa kwenye simu. Programu ile haikuuliza dhamana wala mdhamini: laki moja sasa hivi, baada ya wiki mbili unarudisha 125,000. Wiki mbili zikapita, nikakopa programu nyingine kulipa ya kwanza. Ukishaanza kuchukua huku kulipa kule, hesabu ya kichwani inakuacha njiani.

Wenye programu waliponikosa, walituma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yangu. Mama mkwe alinipigia saa mbili usiku. "Mwanangu, hawa wanaokuita mwizi ni akina nani?" Nilishindwa kumjibu. Kwa kweli aibu ya simu ile ilinichoma kuliko vijana wa benchi.

Sasa, kabla ya ajali nilikuwa nimejiandikisha kurisiti Hesabu. Nilimaliza Kidato cha Nne na F, kama wenzangu wengi, kwani hili ndilo somo ambalo mwaka hadi mwaka wanaofeli ni wengi kuliko wanaofaulu. Nilitaka tu cheti changu kisiwe na ile F. Ada ilishalipwa, basi jioni nikawa naenda darasani, nusu kusoma, nusu kukimbia benchi. Aliyekuwa akitufundisha ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na aliniita mama.

Tulifika kwenye mada ya mfuatano, ule ambao kila namba unaipata kwa kuzidisha iliyotangulia kwa namba ileile. Mfano wa ubaoni ulikuwa wa mtu aliyeweka akiba benki: fedha inazaa, na kilichozaliwa nacho kinazaa. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama siyo akiba, ni deni?"

"Kanuni ni ileile, mama. Ila anayenenepa ni mwingine."

Nikampa namba za mkopo wa simu bila kumwambia ni wangu. Laki moja, kila wiki mbili inazidishwa kwa 1.25. Akaandika: 125,000, 156,250, 195,313. Mara tatu tu ukiahirisha, deni limekaribia kuwa maradufu. Akachukua kitabu cha majedwali, kile cha fofiga tulichokuwa tukikikwepa shuleni, akasoma logi ya 2 ambayo ni 0.3010, akaigawa kwa logi ya 1.25 ambayo ni 0.0969. Ikatoka 3.1. Kila vipindi vitatu na kidogo, yaani wiki sita na ushee, deni linajizidisha mara mbili. Kisha kwa utundu wake akapiga mwaka mzima, vipindi 26: zaidi ya milioni 33. Darasa likacheka. Ni kweli hakuna atakayeachwa afike huko, atakuwa ameshanyang'anywa kila kitu kabla, lakini mimi sikucheka.

Kwa anayeogopa logi, ipo njia ya mkato ya zamani. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliitaja kwenye kitabu chake cha mwaka 1494: chukua 72, gawanya kwa riba, unapata idadi ya vipindi vya fedha kujizidisha mara mbili. Riba ya 10 kwa mwezi ni miezi saba na kidogo. Kwa riba kubwa kama za simu inakosea kiasi, ila inatosha kukushtua.

Wiki iliyofuata nilibaki baada ya kipindi, nikamwonyesha karatasi ya ile milioni. Akaitazama, akasema, "Mama, hii siyo kumi." Akanieleza hivi. Kila unaporejesha, unapunguza deni. Mwezi wa sita, kwa hesabu yao wenyewe, nitakuwa nimebakiza deni halisi la 166,667, lakini riba ya mwezi huo bado ni laki moja ileile ya mwezi wa kwanza. Laki moja juu ya 166,667 ni asilimia 60. Riba inapigwa kwenye fedha ambazo nimeshazirudisha.

Swali likawa: kama riba ingepigwa kwenye kilichobaki tu, ingekuwa asilimia ngapi hata rejesho lifike 266,667? Hapo ndipo hesabu ya msingi inapokomea, kwa sababu namba unayoitafuta imejificha ndani ya mfuatano na huwezi kuitoa kwa kugawanya mara moja. Tulibahatisha na kukaribia. Tukaweka 10: marejesho sita yanatosha mkopo wa 1,161,000 na ushee, umezidi. Tukaweka 15: 1,009,000 na ushee. Tukaweka 16: 982,000 na ushee, umepungua. Basi jibu limo kati ya 15 na 16. Akaniuliza, "Mkononi ulipokea milioni kamili?" Nikamwambia laki tisa na nusu. Tukarudia. Ikavuka 17.

Kwa mkopo uleule, kumi ya kweli rejesho lingekuwa 229,600. Tofauti ya elfu thelathini na saba kila mwezi, na nyumbani kwangu wakati ule hiyo ilikuwa nauli ya kliniki na unga.

Kujua hivyo hakukuniondolea deni. Nilishasaini. Kilichobadilika ni mpangilio wa kulipa. Hadi siku ile nilikuwa namlipa kwanza mwenye kelele, yaani ofisi, kwa kuwa watu wake walikaa benchi. Lakini riba ya ofisi ilishapangwa, laki sita basi, zaidi yake ni faini. Deni la simu ndilo lililokuwa na mbio. Niliuliza ofisini: nikimaliza yote leo mtanipunguzia? "Hapana mama, riba ni ileile." Kumbe hapakuwa na faida yoyote ya kuwawahi. Nikaomba kwao ratiba mpya ya rejesho lililochelewa, nikauza ovaloki, na fedha yake yote ikaenda kuua madeni ya simu, moja baada ya jingine, nikafuta zile programu.

Yalipobaki marejesho mawili, watu wa ofisi wakanipigia kwa sauti tamu. Nimekuwa mteja mzuri, nitopapu, wanipe milioni nyingine. Kwenye hiyo milioni wangekata marejesho mawili yaliyobaki, 533,400, na elfu hamsini yao ya fomu. Mkononi ningepata 416,600. Kisha ningelipa 266,700 kwa miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo ningelipa kiasi hicho hata bila topapu, kwa hiyo mzigo mpya ni miezi minne: 1,066,800. Nipokee laki nne na kidogo, nirudishe milioni moja na zaidi. Nilimwambia yule dada ahsante, namaliza nilichonacho. Nilikimaliza.

Wapo wanaosema hesabu za sekondari hazina kazi mtaani, na sitawabishia kwa kila mada. Matriki sijakutana nayo kibarazani hadi leo. Lakini sketi ya solo je? Fundi aliyenifundisha aliniambia gawa kiuno kwa sita, kisha toa kidogo, ndiyo unapata kipimo cha kukata duara la kiuno. Hicho "kidogo" kilinisumbua miaka. Kiuno cha inchi 30 kwa sita ni 5, na ukikata hivyo duara linatoka inchi 31 na ushee, sketi inalegea. Duara linataka ugawe kwa 6.28, yaani pai mara mbili, upate 4.8. Nusu solo unagawa kwa 3.14. Tangu nijue, vitambaa vya wateja nakata mara moja.

Na baba watoto, akiwa na mguu wake juu ya mto, alikuwa anabeti. Mkeka wa mechi kumi, elfu moja tu, eti siku ukitiki tunamaliza deni. Sikugombana naye. Nilimwandikia: tuseme kila mechi uliyoichagua ina nafasi 60 kati ya 100, na hapo nimekupendelea. Zote kumi kutiki unazidisha 0.6 mara kumi: nafasi sita kati ya elfu moja. Akaniambia mpira unadunda. Hata hivyo mikeka ilipungua, ikafika mechi mbili tatu, kisha nikawa siioni.

Kikundi chetu cha VICOBA sasa wameniachia daftari la mikopo. Jambo la kwanza nililoomba kwenye kikao ni riba ipigwe kwenye salio. Kina mama wawili walipinga, wakasema mgawo wa mwisho wa mwaka utashuka. Walikuwa na haki, ulishuka kweli. Lakini wanaokopa ndio haohao wanaogawana, na mwaka ule hakuna aliyekimbia kikundi.

Sheria nayo haijalala kabisa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, na kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana kikomo cha riba kimewekwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Milioni yangu kwa riba hiyo, ikipigwa kwenye salio, ingezaa riba ya 126,000 badala ya laki sita. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni hatua nzuri. Ila siku una mgonjwa, anayekaa mbele ya karatasi ni wewe, Benki Kuu haipo mezani.

Baba watoto anatembea, anachechemea kidogo, bodaboda ameacha, anauza vipuri. Mimi Hesabu nilipata D. Niliyemaliza naye shule aliniuliza D inanisaidia nini katika umri huu, nikamwonyesha ile hesabu ya topapu.

Nawe unayesoma ukiwa na fomu mkononi, usiulize riba ni asilimia ngapi peke yake. Uliza inapigwa kwenye deni lote au kwenye salio. Uliza utapokea shilingi ngapi mkononi. Omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa mwezi kwa mwezi, salio na riba kila kimoja kwenye safu yake, uende nayo nyumbani ukaipige na mtoto wako wa sekondari. Wakikataa kukupa, chukua kitambulisho chako uondoke.