Kupima mtandao wa simu ndani ya kontena

Nimekuwa kimya kidogo, kazi imenibana. Leo tuzungumze kuhusu kontena. Si zile za bandari ya Mombasa wala zile za kuuzia chipsi kando ya barabara, ingawa wazo ni lilelile: sanduku la kipimo kimoja, ndani weka utakacho. Nasema kontena za Docker, na jinsi tunavyozitumia kupima programu za mtandao wa simu.

Ukimwambia mtu "mtandao wa simu", anafikiria mnara. Mnara ni sehemu tu. Ukibonyeza nyota na nambari kuangalia salio, ombi lako linatoka mnarani hadi BSC, kisha MSC, kisha HLR iliyo na rekodi ya laini yako, kisha lango la USSD, na jibu linarudi njia hiyohiyo. Kila kituo ni programu, na kila programu inaweza kukosea.

Unapimaje kitu kama hicho bila kununua mitambo? Mradi wa programu huria wa Osmocom, ulioanza na OpenBSC mwaka 2008, umegawa kazi hizi katika programu ndogondogo: OsmoBSC, OsmoMSC, OsmoHLR na OsmoSTP. Majaribio yake mengi yameandikwa kwa TTCN-3, lugha iliyosanifiwa na ETSI kwa ajili ya kupima itifaki. Kompaila yake, Titan, ilitoka Ericsson na ikawa huria chini ya Eclipse mwaka 2015. Ujanja wake ni huu: programu moja inapimwa, na jaribio linajifanya majirani wake wote. Ukipima MSC, jaribio linakuwa BSC, linakuwa HLR, hata linakuwa simu ya mteja.

Hapo ndipo kontena zinaingia. Programu inayopimwa ina kontena lake, jaribio lina lake, na yote mawili yana anwani za IP zisizobadilika kwenye mtandao mdogo wa faragha. HLR tano zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja, zote zikisikiliza poti 4222, na zisigombane. Jaribio likiisha, unatupa kontena na kuanza upya, hakuna uchafu wa jana. Stima ikipotea katikati, unarudia tu.

Lakini angalia mambo mawili. Kontena si kompyuta kamili. Linatumia kerneli ya mwenyeji wake. Itifaki kama M3UA hupita juu ya SCTP, kwa hivyo moduli ya SCTP lazima iwe imepakiwa kwenye mwenyeji. Usipojua hilo utahangaika ndani ya kontena siku nzima, na tatizo liko nje. Pia ukitaka kupima moduli ya GTP iliyoingia kwenye kerneli ya Linux 4.7 mwaka 2016, tumia kompyuta pepe kama QEMU yenye kerneli yake. Moduli ikianguka, hutaki iangushe mwenyeji na kila kitu kilicho juu yake.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Itifaki za simu zimejaa vipima muda: subiri jibu sekunde kadhaa, lisipokuja funga kikao. Ukirundika kontena nyingi kwenye mashine moja, prosesa inalemewa, majibu yanachelewa, na jaribio linaanguka. Hapo kila mtu anasema, "Ah, ni kontena tu, rudia." Na ukirudia linapita!

Kazini tunatengeneza lango la USSD. Jaribio moja lilikuwa likianguka kama mara moja kwa kila ishirini. Shinikizo lilikuwa kulizima ili toleo jipya litoke Ijumaa. Mimi nilikataa. Badala ya kuipa kontena nguvu zaidi, niliipunguzia prosesa kwa chaguo la --cpus, makusudi iwe goigoi. Sasa jaribio likaanguka karibu kila mara, na nikanasa pakiti zote kwa tcpdump.

Kumbe! Jibu la salio lilikuwa likifika baada ya kikao kufungwa. Wakati huo nambari ya kikao ilikuwa imeshapewa mteja mwingine, na lango, bila kuuliza, likampelekea yeye. Yaani mama mmoja Kitui anauliza salio lake, anaona la mtu wa Eldoret. Ucheleweshaji haukuumba kasoro hiyo, uliifichua tu. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na kila mtu akibonyeza nyota kwa wakati mmoja, mashine halisi zingechelewa vilevile.

Tulirekebisha kwa kutorudisha nambari kwenye matumizi hadi muda wa ziada upite, na kwa kuhakikisha jibu linalingana na laini iliyouliza. Toleo lilitoka Jumatano iliyofuata. Siku tano tu, na siri ya mtu ikabaki yake.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: jaribio linaloanguka mara mojamoja usilizime kabla hujalielewa. Mpe mgonjwa joto zaidi uone ugonjwa ni upi.

Na kwa wanafunzi wanaoniandikia wakiuliza waanzie wapi: haya yote hayarushi mawimbi yoyote hewani, kwa hivyo huhitaji kibali cha masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Laptopu ya kawaida yenye Linux inatosha kuanzia. Redio yenyewe hutaipima hivi. Hiyo inahitaji vifaa halisi. Lakini mantiki ya mtandao mzima unaweza kuijenga chumbani kwako.

Wakati mwingine nitaeleza jinsi ya kusoma pakiti za SCTP kwa Wireshark. Hadi hapo, pimeni vizuri.