Uduvi wa Bahari ya Kusini

Mwenye kufasiri habari za Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, hukwama kabla hajafika mbali. Amwiteje yule kiumbe mdogo ambaye ndiye chakula cha nyangumi, sili na pengwini wa huko? Wanorwe humwita krill, nao hawakubuni: walichukua neno la kwao la vitoto vya samaki. Basi nami nimemwita uduvi. Wataalamu watanipinga, kwa kuwa uduvi wetu ni wa ukoo mwengine, na huyu akikamilika hufikia sentimita sita. Lakini msomaji wa Unguja na Pemba anaujua uduvi kwa ladha na kwa harufu, na anajua kwamba hauhesabiwi; hupimwa.

Jina, hata hivyo, ni jambo jepesi. Kilichoninyima usingizi ni kitenzi.

Sikusoma sayansi darasani; niliyonayo nimeyaokota vitabuni, kamusi mkononi. Nimesoma kwamba mwaka 1925 meli Discovery ilitoka Uingereza kwenda kuchunguza bahari hiyo, na ndani yake alikuwamo Alister Hardy, mwanasayansi aliyekuwa pia mchoraji. Walishusha nyavu, wakapandisha, wakahesabu. Na wengine wakaendelea baada yao. Mwaka 2004 Angus Atkinson na wenziwe waliikusanya mivuo hiyo, tangu 1926 hadi 2003, wakasema: upande wa kusini-magharibi ya Atlantiki, uduvi umepungua tangu miaka ya 1970. Mwaka 2018 watafiti wengine wakapiga hesabu yao ya miaka 1976 hadi 2016, wasione kupungua. Mwaka uliofuata Atkinson akarejea na neno jengine: katika miaka 90, kitovu cha uduvi huo kimesogea kusini kiasi cha kilomita 440.

Umepungua? Upo? Umehama?

Sababu inayotajwa ni joto na barafu. Vichanga vya uduvi hukaa chini ya barafu ya bahari wakati wa baridi, wakila mwani mdogo mno uliootea upande wa chini, kama wakwanguao ukoko wa sufuria. (Ajabu ya Kiswahili: barafu tumeipata kwa Waajemi, tukaijua kwenye sharubati.) Mnamo Februari 2023 barafu hiyo ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970.

Nimeandika "umehama", kisha nikaifuta. Ahamaye huwa ana anakokwenda, na kusini ya huko ni nchi kavu iliyofunikwa na barafu. Tena yupo sili jike wa kisiwa cha South Georgia. Yeye humwacha mtoto ufukweni, akaenda baharini kutafuta uduvi, akarudi kunyonyesha. Safari yake ina kipimo, kwani mtoto anangoja. Kwake yeye, uduvi uliosogea mbali na uduvi uliokwisha vina tofauti gani?

Kwa sasa nimeandika "umejitenga", na karatasi ingali mezani.