Siku tatu Pangani: likizo ya kipupwe na hofu ya mama

Saa moja asubuhi mjini Lushoto, mwishoni mwa Juni, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kabichi. Watoto wanakunywa chai wakiwa na masweta mawili mawili. Katika nyumba moja jiko la mkaa limeingizwa sebuleni na madirisha yamefungwa. Baba anafungua dirisha kwanza, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Kisha anarudia neno alilolisema tangu shule zifungwe: "Tuwapeleke Pangani kwa bibi yao."

Mama hajibu, na ana sababu.

Miaka mitatu iliyopita mtoto wa kwanza, wakati huo akiwa na miaka minne, alirudi kutoka Pangani akiwa mzima. Siku chache baadaye akaanza homa. Kwa baridi ya Lushoto mama alidhani ni mafua, akampa dawa ya kushusha homa na kusubiri. Siku ya nne mtoto alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Ilikuwa malaria kali, akaongezewa damu. Tangu hapo mama aliapa kwamba watoto hawashuki tena pwani.

Lakini magoti ya bibi hayapandi tena basi la milimani. Mjukuu wa pili, mwenye miaka miwili, anamjua kwa picha za simu tu. Ndiyo maana safari hii mama alikubali, kwa sharti moja: siku tatu, na mambo yafanyike kwa utaratibu wake.

Kutoka kwenye baridi

Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Baridi hiyo huwapunguza mbu waenezao malaria, na kwa hiyo mtoto aliyekulia huko mwili wake haujazoea vimelea vya ugonjwa huo. Akiumwa na mbu wa pwani, anaweza kuzidiwa haraka kuliko mwenzake aliyezaliwa Pangani. Wazazi wengi wa nyanda za baridi hawalijui hili mpaka yawakute.

Kona za Soni kushuka hadi Mombo huwatapisha watoto. Mama aliwapa kifungua kinywa chepesi, akawakalisha viti vya mbele, na mfuko wa plastiki ukawa mkononi. Mombo masweta yakavuliwa. Muheza kulikuwa na machungwa dirishani. Tanga wakabadili gari, na baada ya kilomita kama 50 za mkonge na minazi, ikaonekana Pangani.

Mji wa mdomoni mwa mto

Pangani ni mji mdogo uliokaa mahali mto wa jina hilo unapoingia Bahari ya Hindi. Mto huo huanzia upande wa Kilimanjaro na Meru, na njiani hupokea Mkomazi na Lwengera, mito inayoleta maji ya milima ya Usambara. Mtoto mkubwa alipoelezwa kwamba mvua ya kwao Lushoto hufika hapa, alisimama ukingoni akiyatazama maji yale ya rangi ya udongo kana kwamba anatafuta kitu chake.

Kivuko kinavuka kwenda Bweni na kurudi, kikiwa na pikipiki, baiskeli na akina mama wenye ndoo za samaki. Upande wa mjini zimebaki nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingine zimepoteza paa. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuongoza vita dhidi yao pwani. Baba aliisimulia habari hiyo kwa ufupi. Kwa mtoto wa miaka saba ilitosha kujua kwamba kuna mtu alikataa.

Miezi hii upepo ni wa kusi. Jua halichomi kama la Januari, na jioni kanga moja mabegani inatosha. Ila upepo huo hudanganya: ngozi haisikii joto lakini jua linaunguza, na mtoto hupoteza maji bila kutokwa jasho la kuonekana. Madafu yalisaidia.

Kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari iliyobaki mchanga mtupu, kilikuwa kwenye mipango. Nahodha alipotazama mawimbi akasema si siku ya watoto. Hakuna aliyebishana naye. Kuoga mtoni nako kulikatazwa, kwa kuwa mto una mamba. Badala yake walingoja maji kupwa, wakatembea ufukweni wakikimbiza kaa. Bibi, ameketi kwenye mkeka chini ya mnazi, ndiye aliyewaambia saa ya kurudi kabla maji hayajajaa.

Chandarua cha ugenini

Jioni ya kwanza palikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka barazani, na majirani wakija kumwona mjukuu. Mama alikuwa akihesabu saa. Giza lilipoingia aliwavalisha watoto suruali na mikono mirefu, kisha akatoa begini vyandarua viwili vyenye dawa. Hapo ndipo alipoogopa zaidi: mkwe wake asije akaona amedharauliwa nyumbani kwake.

Bibi alitazama, akainuka taratibu kwa magoti yake, akashika kona ya pili ya chandarua. "Funga vizuri, mwanangu," alisema. "Hata mimi nimezika kwa ugonjwa huu." Usiku huo mjukuu mdogo alilala kwa bibi, chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote.

Siku ya kumi

Siku ya kumi baada ya kurudi Lushoto, mtoto mdogo aliamka usiku akiwaka moto. Huenda mbu alimpata barazani, kabla ya kulala. Safari hii mama hakusema ni mafua. Alfajiri alikuwa zahanati, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Tumetoka Pangani." Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Mtoto alipewa dawa mseto, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula. Siku ya pili alikuwa akicheza, na mama hakukatisha dozi.

Dalili za malaria huanza kwa kawaida siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hata wiki kadhaa. Kwa hiyo likizo haiishi mkishuka kwenye basi. Homa yoyote ndani ya kipindi hicho ipimwe siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe mtoto alikuwa wapi. Dawa ya kushusha homa haitibu malaria.

Bibi alipiga simu jioni hiyo akiwa na wasiwasi, akijilaumu. Mama akampa mtoto simu. Mtoto hakusema shikamoo wala chochote; aliicheka tu ile sauti, kwa kuwa sasa anajua ni ya nani. Mama alipoichukua tena simu, alimuuliza mkwe wake kama Desemba kutakuwa na nafasi.