Mbwa wa Bunduki, Kijiji Bila Bunduki

Hapa Itumbe mbwa ana kazi moja: lango. Mchana amefungwa mnyororo chini ya mti wa avokado, usiku anafunguliwa abweke. Jina lake ni Simba, Tomi au Bosko. Anakula ukoko wa ugali na chochote kilichobaki kwa sufuria, na akikufuata sokoni unaokota jiwe, unajifanya unarusha, anarudi. Si ati watu wanamchukia. Mbwa ni kama kufuli. Humchukii kufuli, na pia hukai chini kumfundisha kitu.

Sasa chukua kijiji hicho, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilipata karibu watu 960 kwa kila kilomita ya mraba, mashamba ya robo eka yamepakana ua kwa ua, chai hadi mlangoni, kuku wa kila mtu wakizurura kwa kila mtu. Ndani yake weka pointa wa Kijerumani. Jike, kilo 25, rangi ya kahawa na madoadoa meupe, mkia uliokatwa, masikio kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Anaitwa Bosi. Hilo jina alikuja nalo.

Alikuja kwa lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu kutoka Nairobi. Anko wangu ni mfanyakazi wa bustani huko Karen, na familia aliyokuwa anaifanyia kazi ilikuwa inahama nchi. Bosi alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na nyumba mbili zilikuwa tayari zimemrudisha. Ya kwanza, alichimba chini ya seng'enge akatoka mara tatu kwa wiki. Ya pili, alikula kochi. "Wewe si uko tu nyumbani," Anko akaniambia kwa simu. Ukiacha chuo mwaka wa tatu na kurudi kijijini kuandika makala za kulipwa kwa maneno, kila mtu anajua una nafasi.

Tata, babangu, alimtazama akishuka kwa lori, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyu anabweka?"

Habweki. Hilo ndilo tatizo la kwanza la pointa huyu ukiwa unatafuta mlinzi. Walitengenezwa Ujerumani, karne ya 19, na wawindaji waliotaka mbwa mmoja afanye kazi ya mbwa watatu: atafute ndege kwa pua na kuganda akimpata, afuate mnyama aliyejeruhiwa, kisha aende kuchukua kilichopigwa, hata kama kimeangukia majini. Mbwa kama huyo anatakiwa kukimbia kutwa mbele ya mtu mwenye bunduki, akiamua mwenyewe aende wapi, kwa sababu pua ni yake. Watu wanasema hawa ni wakaidi. Mimi naona ni mbwa aliyechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa uwezo wa kuwa na maoni.

Shida ni kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi, hata ukiwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Kwa hivyo Bosi alizaliwa na digrii ya kazi ambayo nchi ilishaifuta. (Wazee wa hapa waliponiambia sisi wawili tunafanana, nilicheka kwanza ndipo nikaelewa.)

Jamaa zake wengine walishapata kazi upya. Labrador na spanieli, ambao pia ni mbwa wa bunduki kwa asili, leo wananusa vilipuzi na dawa za kulevya kwenye viwanja vya ndege dunia nzima. KWS ina mbwa wa kunusa pembe za ndovu pale JKIA na bandarini Mombasa, na African Wildlife Foundation imekuwa ikifunza mbwa na washikaji wao karibu na Arusha. Hata hapa karibu, ukivuka Transmara, askari wa Mara Triangle wanatumia mbwa kufuata nyayo za majangili. Nilisoma hayo yote usiku kwa simu, bando ikiisha, Bosi akiguna chini ya kitanda. Swali langu lilikuwa dogo: huku kwetu, kwenye robo eka, mbwa huyu atafanya nini?

Maana bila kazi, alijitafutia. Wiki ya kwanza alileta kiatu cha jirani. Kimoja. Wiki ya pili alileta kile cha pili, jambo ambalo mimi niliona ni uaminifu na jirani hakuliona hivyo.

Mafunzo ya mbwa wa aina hii yana kitu kinachochanganya watu. Humfundishi kuwinda, kuwinda yuko nako. Unamfundisha kusimama. Tulianza na sahani. Naweka ugali na omena chini, anakaa, anangoja. Sekunde tano, kisha "haya". Kesho yake kumi. Mwezi ukiisha naweza kuweka sahani, nizunguke nyumba, nisalimie mtu barabarani, nirudi nimkute amekaa palepale, mate yanaburuza chini, macho yananiambia kitu ambacho siwezi kuandika hapa. Ukimkaripia mara moja tu anakugeuzia mgongo siku nzima. Ukimpiga ndiyo umemaliza kabisa. Anko aliniambia mwenye kochi alijaribu hiyo. Lakini ukiwa na subira kumshinda, anakukubali kama mwenzake kazini. Hapana, si mwenzake. Kama meneja ambaye anamvumilia.

Kisha kamba. Nilinunua katani mita kumi, nikaifunga kwa mshipi wake, tukaingia kwenye chai. Chai si uwanja wa Ujerumani. Michai imekaa mistari, inafika kiunoni, mbwa akizama humwoni, unaona tu majani yakitikisika kama kuna mtu anapita chini na torchi. Kwa hivyo sauti ndiyo kila kitu. Mpulizo mmoja mrefu ni simama. Mitatu mifupi ni rudi. Nilikuwa na filimbi ya refa, mpaka tukagundua kwamba mwalimu wa michezo kule shuleni ana filimbi kama hiyo. Kila somo la P.E., Bosi alikuwa anaganda katikati ya njia, wachuma chai wanampita na vikapu vyao wakimpigia saluti. Nikahamia mluzi wa vidole.

Kilichobaki ni ndege. Unakumbuka kware? Mwishoni mwa 2013 kuingia 2014 nchi ilishikwa na wazimu wa kware. Mayai yao yalisemwa yanatibu kila kitu, watu wakapanga foleni KWS kutafuta leseni ya kufuga, walimu wakachukua mikopo, na kabla mwaka haujafika mbali kila mtu alikuwa muuzaji na hakuna mnunuzi. Kisii nzima bado ina vibanda vitupu vya waya kutoka wakati huo. Lakini jirani yetu mmoja hakuacha kabisa, alibaki na ndege wachache, nafikiri kwa sababu ya kukataa kushindwa tu. Nilimwomba anikodishe mmoja kwa asubuhi. Aliniuliza mara mbili kama mbwa atamla. Nikamwambia ndege hatatoka kwenye kizimba. Akaja mwenyewe kuhakikisha.

Tulificha kizimba katikati ya chai, saa kumi na mbili na nusu, umande bado mzito. Asubuhi hapa hewa baridi inateremka kuelekea bondeni. Jua likipata nguvu inageuka, inapanda. Kwa hivyo nilimleta Bosi kutoka chini, harufu imteremkie. Alianza kwa fujo yake ya kawaida, kulia kushoto, kulia kushoto, kamba ikinichoma viganja. Kisha hatua kama kumi na tano kutoka kizimbani akapigwa na kitu. Siwezi kusema vinginevyo. Alikuwa anageuka, mwili ukakatika katikati ya kugeuka, kichwa kimeelekea upande mmoja na miguu ya nyuma upande mwingine, mguu wa mbele juu. Akabaki hivyo. Hata pumzi sikuiona. Mbwa ambaye hajawahi kutulia hata akilala, ametulia.

"Amehengi," mtoto wa jirani akasema. Kama simu.

Dakika mbili nzima. Hakuna mtu aliyemfundisha, na sidhani kuna mtu anaweza. Nilichokuwa nimemfundisha kwa miezi na sahani ya omena ni kile kinachofuata tu: kwamba asiruke.

Hiyo ikaja kuwa muhimu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwezi wa nne mama mmoja juu ya kwetu alipoteza kuku sita kwa usiku mmoja. Manyoya tu. Na ukiwa na mbwa mgeni, mwenye sura ya kizungu, anayejulikana kwa viatu, uchunguzi unaisha mapema. Mzee wa Nyumba Kumi alikuja kwetu na wanaume wanne. Mwaka uliotangulia mbwa wawili kijijini walikuwa wamekufa kwa nyama yenye sumu, na kila mtu alijua hakuna atakayeulizwa. Wale wanaume hawakutaja sumu. Walisema tu, "Mbwa kama huyu huwa hawadumu."

Mzee aliomba cheti cha chanjo kwanza. Hapo nilishukuru Mungu, nilikuwa nacho, cha kichaa cha mbwa, kilichopigwa mhuri. Alikisoma chote, pande zote mbili.

"Kijana, sisi hatuna vita na wewe," akasema. "Lakini kuku ni ada ya shule ya mtu."

"Ni kweli, mzee. Naomba tu umwone kabla hujaamua."

Hakukuwa na mpango. Kuku wa kwetu walikuwa pale uani, jogoo akiwa mbele. Nilimtoa Bosi bila kamba. Tata alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, na niliona ameangalia chini, kama mtu ambaye hataki kushuhudia. Bosi akatoka mbio, akawaona, akaganda. Nikapiga mluzi mmoja mrefu, akakaa. Jogoo, ambaye hana akili lakini ana kiburi, akaja akampita mbele ya pua, karibu sana, akadonoa punje. Bosi alitetemeka kuanzia mabegani hadi ule mkia uliokatwa. Hakusonga.

Mzee alitazama muda mrefu. "Hiyo ni mchana," akasema hatimaye. "Na usiku?"

Lilikuwa swali la haki. Usiku sipigi mluzi. Tukakubaliana: Bosi alale ndani, mlango umefungwa, kinyume cha kila mbwa mwingine Itumbe. Kilichokula wale kuku sita hatukukijua. Nguchiro, wengine wanasema. Wengine bado wanasema ni Bosi, na wakikutana naye njiani wanahama upande.

Yule mama wa kuku ndiye aliyenishangaza. Wiki kama tatu baadaye alimtuma kijana wake: ana tetea aliyepotea, anaatamia mahali kwenye chai, je, yule mbwa wa kuganda anaweza kumtafuta? Kuku wa kienyeji hufanya hivyo, anaenda kutaga mafichoni, unamwona tena siku anatoka na vifaranga, au humwoni tena kwa sababu nguchiro amefika kwanza. Tulizunguka shamba lake saa nzima. Kuku aliyeatamia hatoi harufu nyingi, anakaa kimya kama jiwe, na Bosi alimpita mara moja kabla hajarudi na kusimama mbele ya mchai mmoja, uso umezama kwenye majani. Chini yake, tetea na mayai kumi na moja. Mama alipiga magoti, akaingiza mkono, akaanza kuhesabu kwa sauti kwa Kigusii. Alinipa mayai manne. Kwa Bosi hakusema kitu, lakini siku hiyo hakuhama njia.

Sasa wanatuma watoto. "Mama anasema mlete Bosi." Mwezi wa nane alikuja pia mwanaume mmoja wa upande wa Kilgoris, amesikia habari zake, anataka kumnunua. Alitaja bei ambayo ni zaidi ya makala zangu za miezi mitatu. Alitaka wa kuwinda kanga, hakuficha. Nilipokataa alimwangalia Bosi amelala kwenye matope, akasema, "Mbwa kama huyu anaharibika hapa." Nimefikiria maneno hayo mara nyingi. Kuna jioni anakaa mwisho wa shamba, pua juu, anasoma upepo unaotoka Transmara, na mimi najua kuna kitu huko ambacho sitamruhusu kamwe kukipata.

Lakini mwaka huu amepata kuku kumi na wanne. Tata ndiye anaweka hesabu, nyuma ya kadi ya majani chai, tarehe na jina la mwenye kuku. Kuna na bata mmoja, ila huyo Tata amekataa kumwandika. Anasema alikuwa tayari njiani kurudi nyumbani.