Kati ya Nini na Nini?

Mwalimu wa historia hufundisha maneno kwanza, ndipo wafalme na vita. Mtoto asiyeelewa neno, hata akihifadhi miaka mia kwa moyo, ameshika maganda bila kiini. Hapa mjini Unguja neno linalonisumbua kupita yote ni "zama za kati". "Zama za kale" halina taabu nyingi: mtoto husikia kwamba katika karne ya 1 baharia mmoja wa Misri, aliyeandika Kiyunani, aliiita pwani yetu Azania, akaridhika.

Lakini zama za kati, kati ya nini na nini? Vitabu hujibu kuwa ni kati ya kuanguka kwa dola ya Warumi wa magharibi, mwaka 476, na kufufuka kwa elimu ya kale huko Ulaya katika karne ya 15. Basi Wazungu walilitunga neno kwa kupima nyumba yao wenyewe. Si vibaya mtu kupima nyumba yake. Ubaya huja kipimo hicho kiletwapo kwetu pamoja na mwenziwe, "zama za giza". Nalisahihisha karatasi moja iliyosema kwamba zamani hizo Unguja hapakuwa na ajuaye kuandika. Aliyeandika hayo ni mtoto wa Makunduchi, na kutoka kwao hata Kizimkazi ni mwendo wa asubuhi moja tu!

Kizimkazi Dimbani pana msikiti, na ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kiarabu, kwa hati ya Kikufi, ya mwaka 500 wa Hijra. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18, ila maandishi yamesalia. Wanafunzi wakiisikia tarehe hiyo hukimbilia kujumlisha: Hijra ilikuwa mwaka 622, ongeza 500, wapata 1122. Sivyo. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi, nao hupungua mwaka wa jua kwa siku kama 11. Miaka 500 ya mwezi ni kama 485 ya jua. Jumlisha tena, utapata 1107. Tena huo ni mwaka wa karne ya 12, si ya 11, kama vile mtoto aliyetimiza miaka kumi na mmoja yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili. Hapo darasa zima huguna.

Miaka 8 kabla yake, mwaka 1099, wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliuteka Yerusalemu, na mwaka 1107 wenyewe Henry wa Kwanza alikuwa akitawala Uingereza. Hayo wanafunzi wetu huyajua sana.

Wala Kizimkazi si mwanzo. Unguja Ukuu palikuwa na bandari tangu karne ya 6 au ya 7, na wachimbaji wamekuta huko vigae vya Ghuba ya Uajemi na vya Uchina. Naye Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja kisiwa hiki katika kamusi yake ya nchi kwa jina la Lanjuya, akasema watu wake wamehamia Tumbatu. Magofu ya mawe yako huko Tumbatu hata leo, mahali paitwapo Makutani, na mashua za kuvukia hutoka Mkokotoni.