Vibanda vya Mwezi wa Kumi: Sikukuu za Wayahudi katika Mji Wetu



Mwezi wa tisa ukiisha na wa kumi ukiingia, sisi watu wa Lubumbashi tunajua hali yake. Jua linachoma, vumbi limejaa barabarani, jakaranda zinamwaga maua yake, na kila mwenye shamba anatazama mawingu. Ni katika kipindi hicho Wayahudi wanafanya sikukuu zao kubwa, zile tunazozisoma katika Walawi sura ya 23: Baragumu, Siku ya Upatanisho na Vibanda. Ulaya wanaziita sikukuu za vuli, kwa sababu huko majani yanaanguka na baridi inakaribia. Kwetu zinafika wakati wa joto kali, mvua ikingojewa. Juma hili tunazitembelea hapa hapa mjini, maana Lubumbashi ina sinagogi, na wengi wetu tunapita mbele yake bila kujua ni nyumba ya nani.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, ukiitwa Elisabethville, reli ilipofika kutoka kusini na shaba ikaanza kuvuta watu. Kati ya waliofika mapema walikuwamo Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wengine wakipitia Afrika Kusini. Hao wanaitwa Waashkenazi. Baadaye wakaja vijana wengi kutoka kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania, ambako maisha yalikuwa magumu. Hao ni Wasefaradi, wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na nyumbani walisema Ladino, lugha iliyozaliwa na Kihispania. Walifungua maduka, wakaita ndugu zao, wakawa wengi kuliko wale wa kwanza. Sinagogi ilijengwa karibu na mwaka 1930. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937, akaitumikia jumuiya kwa zaidi ya miaka 50.

Mwezi wa saba mwaka 1944, Wanazi waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika walikuwa kama 150 tu, na baadhi yao walikuja Kongo kwa ndugu zao. Basi desturi za kisiwa kile ziliponea katika miji kama wetu, mikononi mwa wamama waliokumbuka sikukuu inapikwaje.

Hapa ndipo penye somo letu. Waashkenazi na Wasefaradi wana Torati moja na siku zilezile, lakini si kila kitu wanakifanya namna moja. Mwaka 1565 kilichapishwa kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo, Msefaradi aliyeishi Safed, katika Galilaya. Jina lake, Shulhan Arukh, maana yake ni meza iliyoandaliwa. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, aliona kwamba meza hiyo haina desturi za watu wake. Hakuipindua. Aliandika maelezo yake na kuyaita Kitambaa cha Meza. Mpaka leo vitabu hivyo viwili vinachapishwa pamoja, katika ukurasa mmoja.

Tuanze na chakula cha mwaka mpya, Rosh Hashana. Mwashkenazi anachovya tofaa katika asali, aombe mwaka mtamu. Msefaradi anaandaa meza ndefu zaidi: tende, boga, kunde, spinachi, liki, komamanga, na mara nyingi kichwa cha samaki. Kila chakula kina dua yake, mara nyingi kwa sababu jina lake linafanana na neno fulani la kale. Jina la kunde linakaribia neno la kuongezeka, basi wanaomba baraka ziongezeke. Kichwa cha samaki ni kuomba wawe kichwa, wasiwe mkia. Mwone, wamama: boga na kunde hazikuhitaji kuagizwa ng'ambo. Soko letu linazo.

Inakuja Siku ya Upatanisho. Kuna desturi ya kuzungusha kuku juu ya kichwa kabla ya siku hiyo, jogoo kwa mwanamume na tembe kwa mwanamke, kisha nyama yake au bei yake kupewa maskini. Karo aliandika kwamba iachwe. Isserles akajibu kwamba desturi ya wazee isitupwe. Baadaye familia nyingi za Kisefaradi nazo ziliifuata, na siku hizi wengi, wa pande zote mbili, wanatoa pesa tu.

Halafu kuna kufunga. Ni saa 25, bila chakula wala maji. Mbele ya jambo hili tofauti za Rhodes na Poland zinanyamaza, maana sheria inasema uhai unatangulia. Mama aliyejifungua hafungi katika siku tatu za kwanza. Kuanzia hapo mpaka siku ya saba, akisema anahitaji kula, anapewa. Mgonjwa akisema anahitaji chakula, anasikilizwa hata kama mganga anasema hapana, kwa sababu moyo wake unajua uchungu wake. Mwenye mimba na anayenyonyesha kwa kawaida wanafunga, lakini pakiwa na hatari kwake au kwa mtoto, anakula, mara nyingi kidogo kidogo kwa kupumzika katikati. Kula huko si dhambi ya kusamehewa. Ni kutii sheria. Na mtoto chini ya miaka 9 hafungishwi.

Jua likizama na baragumu ikisikika, watu wa Rhodes walikuwa na kinywaji chao cha kufungulia: mbegu za tikiti zilizokaushwa, zikasagwa, zikalowekwa na kuchujwa mpaka maji yawe meupe kama maziwa, kisha sukari. Sisi tunaosaga mbegu za maboga tunaielewa kazi hiyo, na tunajua ni nani aliyeianza siku mbili kabla.

Siku nne baada ya mfungo huo inaanza Sikukuu ya Vibanda, ukumbusho wa safari ya jangwani. Kibanda kinajengwa nje, na paa lake ni matawi au majani yaliyokatwa. Kivuli kiwe kingi kuliko jua, lakini nyota zionekane. Hakiwezi kujengwa chini ya mti. Basi katika lupango ya Lubumbashi mtu hawezi kujificha chini ya mwembe wala jakaranda, hata kama joto ni kali namna gani.

Na mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa kumi? Mvua ikiharibu chakula, watu wanaruhusiwa kuingia nyumbani. Ila kwa usiku wa kwanza wazee wawili wale wanatofautiana: Isserles anataka mtu ale walau kipande kidogo cha mkate kibandani hata kama mvua inanyesha, na Karo anamruhusu aende zake. Mwishoni mwa sikukuu wote wanaomba mvua. Watu wa Cape Town wanaisema dua hiyo wakati mvua zao zimekwisha. Sisi tuna bahati: mvua za Lubumbashi zinaanza karibu pamoja na zile za Yerusalemu, na dua inaangukia mahali pake.

Wanawake hawalazimiki kukaa kibandani, maana amri nyingi zenye saa maalumu hazikuwafunga wao. Wakitaka, wanakaa. Lakini je, waseme baraka yake? Wanawake wa Kiashkenazi wanaisema. Wengi wa Kisefaradi, wakimfuata Karo, hawaisemi. Msichana akiolewa upande wa pili, kwa kawaida anafuata desturi ya nyumba ya mume wake. Tunajua uzito wa jambo hilo, sisi ambao katika familia moja tuna Mkatoliki, Mmetodisti na Mkimbangu.

Leo Wayahudi wa Lubumbashi ni wachache sana. Vita vya kujitenga kwa Katanga, kisha biashara za wageni kunyang'anywa kuanzia mwaka 1973, viliwapeleka wengi Brussels, Afrika Kusini na Israeli. Walichotuachia si sinagogi tu. Ni mfano wa watu waliojua kutenganisha sheria na desturi, wakaweza kusali katika nyumba moja.

Basi tunapendekeza vikundi vyetu vizungumze jambo moja juma hili. Katika maombi yetu kuna wamama wanaofunga kavu siku tatu wakiwa na mimba, au na mtoto anayenyonya, kwa sababu wanaogopa kusemwa kwamba imani yao ni ndogo. Nani aliwaamuru? Ni sheria ya Mungu, au ni desturi ya kikundi? Kiongozi wa maombi aulize kwanza nani ana mimba, nani ananyonyesha, nani anameza dawa, awatume kituo cha afya kabla ya kutangaza mfungo. Na mama atakayesema, "Mimi nitakula," apewe bukari yake kwa heshima, na asisemwe.